Fundi, Ubao na Sauti: Sayansi ya Gitaa la Mbinuko

Watu wengi wamezoea gitaa la aina mbili tu: lile la ubao bapa lenye tundu moja la mviringo katikati, na lile la umeme ambalo aghalabu halina tumbo kabisa. Ipo aina ya tatu ambayo huonekana mara chache zaidi. Uso wake haukulala bapa bali umebinuka kama mgongo wa kobe. Hauna tundu la mviringo, bali una mipasuko miwili yenye umbo la herufi f, mmoja kila upande. Nyuzi zake hazikufungwa juu ya uso huo. Hupita juu ya daraja la mbao lililosimamishwa bila gundi, zikaenda kufungwa kwenye kipande cha chuma au cha mti kule mkiani. Mtu aliyewahi kuitazama kwa karibu fidla ya kikundi cha taarabu amekwisha kuziona sehemu hizi zote, maana gitaa hili ni mtoto wa gitaa na fidla. Katika makala haya litaitwa gitaa la mbinuko, kama wanafunzi wa fizikia wanavyosema lenzi mbinuko.

Gitaa la mbinuko lilizaliwa Marekani, na huko ndiko kwao hadi leo, ingawa hutengenezwa pia Kanada na Ulaya. Ndilo gitaa la muziki wa jazi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mengi kati ya magitaa ya aina hii yanayosifiwa kuliko yote hayakutoka katika viwanda vikubwa, bali katika warsha za mafundi wanaofanya kazi peke yao, au pamoja na msaidizi mmoja au wawili. Kwa bidhaa nyingi za zama hizi mambo ni kinyume chake: hakuna fundi wa peke yake awezaye kutengeneza redio ikaishinda ya kiwandani. Kwa nini basi mtu mmoja mwenye patasi na randa aweze kushindana na kiwanda? Sehemu ya jibu ni historia, na sehemu nyingine, hapana budi kukiri, ni sifa na majina. Lakini sehemu kubwa imo ndani ya ubao wenyewe, nayo yaweza kuelezwa kwa fizikia ya shule ya sekondari.

Kazi ya ubao wa juu

Uzi wa chuma uliokazwa kati ya misumari miwili ukutani hutetemeka vizuri, lakini husikika kwa shida kutoka upande wa pili wa chumba. Sababu ni wembamba wake. Uzi unapokwenda huku na huku huikata hewa badala ya kuisukuma, kama vile mtu asivyoweza kupepea jiko la mkaa kwa kijiti. Ili hewa isukumwe panahitajika kitu kipana, na kitu hicho ni ubao wa juu wa gitaa. Nyuzi hulitikisa daraja, daraja huutikisa ubao, na ubao, ambao upana wake hupita sentimeta 40, huipepea hewa ya chumba kizima. Hewa iliyomo ndani ya tumbo nayo hushiriki: huingia na kutoka kwa kupitia ile mipasuko ya f na kuzitia nguvu sauti nzito, kwa kanuni ile ile inayoifanya chupa tupu ivume mtu anapopuliza juu ya mdomo wake.

Hapa pana jambo ambalo husahauliwa upesi. Ubao hauongezi nishati yoyote. Nishati yote ya mlio imetoka katika mkono wa mpigaji, na ubao huamua tu kasi ya kuitumia, na kiasi kitakachopotea bure kama joto ndani ya mbao. Mtungi wenye tundu kubwa hutoa maji kwa nguvu ukaisha mara moja. Wenye tundu dogo hutiririsha polepole kwa muda mrefu. Vivyo hivyo ubao mwepesi kutikisika huichukua nishati ya uzi kwa haraka, ukatoa mlio mkubwa unaokatika upesi. Ubao mzito huuacha uzi uendelee kutetemeka kwa muda mrefu, lakini kwa sauti ndogo. Hakuna fundi awezaye kuyapata yote mawili kwa ukamilifu. Kila gitaa ni suluhu kati ya ukubwa wa sauti na urefu wa mlio.

Gitaa la mbinuko lilielemea upande wa kwanza kwa sababu ya kazi liliyopewa. Katika miaka ya 1920 na 1930 bendi za jazi za Marekani zilikuwa na tarumbeta, trombone, saksofoni na ngoma, na gitaa halikuwa na kipaza sauti. Kazi ya mpiga gitaa ilikuwa kupiga mapigo manne katika kila kipimo cha muziki, bila kuchoka, ili wapigaji wenzake na wachezaji wasipotee katika mwendo. Alihitaji mlio unaoruka nje ya ala mara tu nyuzi zinapoguswa, ukafa kabla ya pigo linalofuata. Freddie Green aliifanya kazi hiyo katika bendi ya Count Basie tangu mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1987, na wapenzi wa muziki huo husema kwamba gitaa lake lilihisiwa zaidi kuliko lilivyosikika.

Mtu wa kwanza kuuchonga uso wa gitaa kwa mbinuko na kuifanya kazi hiyo ijulikane alikuwa Orville Gibson wa mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan. Alianza kazi hiyo mwishoni mwa karne ya 19, akapata hataza ya uvumbuzi mwaka 1898, na kampuni yenye jina lake ikaundwa mwaka 1902. Miaka 20 baadaye, yaani mwaka 1922, kampuni hiyo ilitoa gitaa la L-5, lililobuniwa chini ya usimamizi wa Lloyd Loar, mwanamuziki aliyekuwa pia mtaalamu wa sauti. Ndilo gitaa la kwanza la kampuni hiyo kuwekwa mipasuko ya f kama ya fidla. Kabla ya miaka ya 1930 kwenda mbali, gitaa la aina hiyo lilikuwa limekwisha kuiondoa banjo katika bendi nyingi.

Kuba ya mbao

Faida ya kuubinua ubao huonekana kwa karatasi moja ya daftari. Ikishikwa kwa ncha moja ikiwa bapa, karatasi huanguka. Ikikunjwa kidogo kama mfereji wa bati, husimama yenyewe na kuweza hata kubeba kalamu. Unene haukuongezeka, wala karatasi haikubadilika. Kilichobadilika ni umbo. Ndiyo siri ya ganda la yai na ya kuba za misikiti. Uso wa gitaa bapa huhitaji papi nyingi kwa chini ili usibonyee au kuinuka, na papi hizo huongeza uzito. Uso uliobinuka hujitegemea zaidi, na kwa kawaida huwekewa papi mbili tu, zilizolazwa sambamba au kupishana kama herufi X.

Aidha, njia ya kani imebadilika. Katika gitaa bapa daraja limegundishwa, nazo nyuzi hulivuta kuelekea shingoni na kutaka kulibiringisha. Katika gitaa la mbinuko nyuzi hupanda juu ya daraja na kushuka kuelekea mkiani, kwa hiyo hulisukuma daraja kwenda chini. Ukubwa wa msukumo huo waweza kukadiriwa. Nyuzi sita nene za chuma zinaweza kuwa na mkazo wa jumla wa nyutoni 800 hivi, ambao ni karibu sawa na uzito wa kilo 80. Tuseme zinapinda kwa digrii 12 zinapovuka daraja. Msukumo wa chini ni mara mbili ya mkazo, ikizidishwa kwa saini ya nusu ya pembe hiyo, yaani 2 × 800 × 0.1045, ambayo ni nyutoni 167. Ni sawa na kuweka kilo 17, karibu debe zima la mahindi, juu ya ubao mwembamba, usiku na mchana, kwa miaka mingi. Ubao huo hautakiwi kubonyea, na wakati huo huo unatakiwa kutikisika kwa kila mguso wa kidole.

Mti gani unaoweza kazi hiyo? Mafundi wa Ulaya walikwisha kulijibu swali hili kwa fidla karne nyingi kabla. Uso huchongwa kwa sprusi, mti wa nchi za baridi ulio ndugu wa msonobari. Mgongo na mbavu hutengenezwa kwa mepo, mti ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Sprusi ina sifa adimu. Meta moja ya mchemraba ya mbao zake zilizokauka ina uzito wa kilo 400 hadi 450 hivi, lakini sauti husafiri kwa kufuata urefu wa mti kwa meta 5,000 au zaidi kwa sekunde, mwendo ambao ni takriban sawa na ule wa ndani ya chuma cha pua chenye uzito wa karibu kilo 7,850 kwa kila meta ya mchemraba. Kwa maneno mengine, ni mti mwepesi sana kwa kadiri ya ukakamavu wake. Na ukakamavu hapa maana yake ni ule ukaidi wa kitu kukataa kupinda. Mpingo wa Tanzania, ambao ni mzito hata huzama majini, ungefaa kidogo sana kwa kazi hii: uso wa gitaa uliochongwa kwa mpingo ungelala kama jiwe, na uzi ungepata taabu kuutikisa. Sifa hiyo hiyo ndiyo inayoufanya mpingo upendwe kwa klarineti na zumari za Ulaya, ambamo hewa ndiyo inayotetemeka na mti hutakiwa kukaa kimya.

Kwenye benchi la fundi

Fundi huanza na kipande cha sprusi kilichopasuliwa vipande viwili na kufunuliwa kama kurasa za kitabu, kisha kuunganishwa kwa gundi katikati, ili mistari ya ukuaji ya upande mmoja iwe kivuli cha upande wa pili. Mbao lazima ziwe zimepasuliwa kwa namna ambayo mistari hiyo imesimama wima katika unene wa ubao, na ziwe zimekauka, mara nyingi kwa miaka kadhaa. Ubao uliokatwa kwa pembe mbaya hupoteza ukakamavu wake hata ukiwa umetoka katika mti bora.

Kwanza huchongwa nje. Patasi huondoa sehemu kubwa, kisha huja randa ndogo za shaba, nyingine zisizozidi kidole gumba, ambazo nyayo zake zimebinuka ili ziweze kuingia katika mabonde. Mchongo wa nje ukikamilika, ubao hupinduliwa na kufukuliwa ndani kama kinu, mpaka kutoka unene wa karibu milimeta 25 panabaki milimeta 6 hivi katikati na kama 3 karibu na ukingo. Sehemu kubwa ya mti ulionunuliwa kwa bei kali huishia kuwa takataka sakafuni. Ukingo ule mwembamba una kazi maalumu: ndio bawaba inayouruhusu uso mzima kupanda na kushuka.

Hapo ndipo vipimo vinapoanza kumtupa fundi. Tuseme amekwisha kutengeneza gitaa moja zuri, akaandika unene wa kila mahali katika daftari. Akichukua kipande kingine cha sprusi na kukichonga kwa vipimo vile vile, hapati gitaa lile lile. Mti ni kiumbe kilichokua mlimani. Upande uliopigwa na upepo si sawa na ule uliojikinga, na mbao mbili, hata za mti mmoja, huweza kupishana sana kwa uzito na kwa ukakamavu. Tena ukakamavu wa ubao bapa hubadilika kwa kipeo cha tatu cha unene. Ubao wa milimeta 6 ukipunguzwa hadi 5 hubaki na 125/216 ya ukakamavu wake wa kwanza, yaani asilimia 58, hali uzito umeshuka hadi asilimia 83 tu. Kwa ubao uliobinuka hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu umbo lenyewe huchangia, lakini fundisho halibadiliki: mipapaso michache ya randa, ambayo jicho haiwezi kuiona, huubadilisha ubao kwa kiasi kikubwa.

Kwa hiyo fundi huacha daftari na kuusikiliza ubao. Huushika kwa vidole viwili mahali pasipotetemeka sana na kuugonga kwa kifundo cha kidole. Huukunja kidogo kwa viganja kwa urefu na kwa upana. Hupunguza hapa, hugonga tena. Wengi hushindwa kueleza kwa maneno wanachokisikia. Hata hivyo si uganga. Mjerumani Ernst Chladni alionyesha mwaka 1787 kwamba mchanga uliomwagwa juu ya bamba linalotetemeka hukimbia sehemu zinazotikisika na kujikusanya katika mistari iliyotulia, na kila mlio wa bamba una mchoro wake. Katika karne ya 20 Mmarekani Carleen Hutchins, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa fundi wa fidla, aliitumia njia hiyo kwa nyuso za fidla kwa miaka mingi, na kuonyesha kwamba kile ambacho fundi hukitafuta kwa kugonga huweza kuonekana kwa macho na kupimwa.

Sasa tofauti ya kiwanda na fundi yaeleweka vizuri zaidi. Mashine inayoongozwa na kompyuta huchonga mbinuko kwa usahihi unaomshinda binadamu yeyote, tena bila kuchoka. Lakini huchonga namba iliyopewa. Mwenye kiwanda asiyetaka magitaa yake yarudishwe yakiwa yamebonyea, lazima aichague namba inayoulinda ule ubao dhaifu kuliko yote. Na kwa hiyo mbao zilizo kakamavu hubaki nene kuliko zinavyohitaji. Fundi wa peke yake huweza kukisogelea kikomo cha kila ubao kwa sababu anao mmoja tu mkononi. Kosa likitokea, ni lake na ni la ubao huo. Ni kweli kwamba siku hizi hata baadhi ya mafundi hawa huiachia mashine kazi ya kuondoa sehemu kubwa ya mti, wakabakiza milimeta chache za mwisho kwa ajili ya mkono, na hakuna ubaya katika hilo, kwani patasi ya kwanza haikuhitaji sikio.

Kamba iliyokaribia kukatika

Ujuzi wa namna hii haukai vitabuni kwa urahisi, na historia ya gitaa la mbinuko yaonyesha hatari yake. John D'Angelico, aliyezaliwa New York mwaka 1905 katika jamii ya Wataliano, aliwekwa tangu utotoni kwa ndugu wa ukoo wake aliyekuwa fundi wa fidla na mandolini. Mwaka 1932 alifungua warsha yake katika barabara ya Kenmare, nambari 40. Tangu mwaka huo hadi alipofariki mwaka 1964, madaftari yake yaliorodhesha magitaa 1,164, yaani wastani wa 36 hivi kwa mwaka. Boston nako Charles Stromberg na mwanawe Elmer walitengeneza magitaa yenye upana wa inchi 19, karibu sentimeta 48, na sifa ya kusikika juu ya tarumbeta zote. Baba na mwana walifariki mwaka mmoja, 1955, na warsha yao ikaishia hapo.

Wakati huo gitaa la mbinuko lilikuwa limekwisha kupoteza kazi yake ya kwanza. Kampuni ya Gibson ilikuwa imetoa gitaa la umeme la ES-150 mwaka 1936, na kijana Charlie Christian, aliyejiunga na Benny Goodman mwaka 1939, akawaonyesha watu kwamba mpiga gitaa aweza kusimama mbele ya bendi na kupiga peke yake. Mambo yakageuka. Ubao mwepesi kutikisika, ambao ulikuwa fahari ya fundi, ukawa adui mbele ya kipaza sauti: sauti inayotoka katika spika huutikisa ubao, ubao huitikisa nyuzi, nyuzi huirudisha sauti kwenye spika, na papo hapo hutokea ule mlio wa kukera unaojulikana na kila aliyewahi kuweka maikrofoni karibu mno na spika. Dawa yake ni ubao mzito usiotikisika sana. Ndiyo maana gitaa la ES-175, lililotolewa mwaka 1949, lilikuwa na uso wa mbao za tabaka zilizogundishwa na kubinuliwa kwa shinikizo. Lilikuwa chaguo la busara, tena la bei nafuu. Lakini katika njia hiyo viwanda vilikuwa na haja ndogo zaidi ya mtu anayegonga ubao na kusikiliza.

Mwaka 1952 kijana James D'Aquisto aliingia warshani kwa D'Angelico kama mwanafunzi. Mwaka 1959 msaidizi mkuu alipoondoka, D'Angelico aliifunga warsha, na inasimuliwa kwamba ni huyo kijana aliyemsihi aifungue tena. Kama angekataa, huenda sehemu kubwa ya ujuzi wake ingekwenda naye kaburini. D'Aquisto aliyamalizia magitaa yaliyobaki nusu mwaka 1964, akaanza kutengeneza kwa jina lake mwenyewe. Kwa miaka mingi alifuata nyayo za mwalimu wake, kisha akaanza kuhoji. Kile kipande kizito cha chuma mkiani kina faida gani? Akakitoa, akaweka cha abunusi, chepesi zaidi, akaifanya pembe ya nyuzi juu ya daraja iweze kurekebishwa. Pambo lililoongeza uzito bila sauti akaliondoa. Alifariki mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 59, umri ule ule aliofariki nao mwalimu wake.

Lakini safari hii kamba haikuwa nyembamba kama zamani. Linda Manzer wa Kanada alikuwa amejifunza kwa D'Aquisto kuanzia mwaka 1983. Robert Benedetto, aliyetengeneza gitaa lake la kwanza la mbinuko mwaka 1968, alikuwa ametoa mwaka 1994 kitabu kinachoeleza kazi nzima hatua kwa hatua, pamoja na vipimo, jambo ambalo mafundi wa kale wangeliona kama kugawa urithi barabarani. Baada ya kifo cha D'Aquisto, tajiri mmoja mkusanyaji, Scott Chinery, aliwaagiza mafundi 22 kila mmoja atengeneze gitaa la mbinuko la inchi 18, wote kwa rangi moja ya buluu ambayo D'Aquisto aliitumia katika gitaa lake mojawapo. Magitaa hayo yalionyeshwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, kuanzia mwaka 1997. Ukubwa ni mmoja na rangi ni moja, na bado hakuna mtu aliyeweza kudhani kwamba yametoka katika mkono mmoja. Mwaka 2011 jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York nalo liliweka maonyesho ya kazi za D'Angelico, D'Aquisto na John Monteleone, fundi wa kizazi kilichofuata.

Mti au mkono?

Bei za magitaa haya ni kubwa, na penye bei kubwa hadithi hukua. Wapo wanaoamini kwamba sauti imo katika mti adimu, mti wa mlima fulani uliokatwa mwezi fulani. Benedetto alilijaribu dai hilo kwa njia ya fundi: alichukua mbao za msonobari za kujengea nyumba, zenye vifundo, akazichonga gitaa la mbinuko kwa uangalifu ule ule. Lilitoka gitaa zuri, lenye kupigika kama ala nyingine za mkono wake.

Wanasayansi nao wamefanya majaribio. Mwaka 2010 huko Indianapolis wapiga fidla 21 walipewa fidla tatu mpya na tatu za kale za Kiitaliano wazipige wakiwa wamezibwa macho kwa miwani ya wachomeleaji. Wengi hawakuweza kutambua ipi ni ya kale, na iliyopendwa kuliko zote ilikuwa mpya. Mwaka 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walitangaza matokeo ya jaribio la magitaa sita bapa yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa mti wa mgongo na mbavu. Wapigaji 52 wasioyaona waliyapa alama zilizokaribiana sana, mti wa bei ghali na wa bei nafuu. Majaribio hayo hayakuhusu gitaa la mbinuko, wala hayasemi kwamba magitaa yote ni sawa. Yanachosema ni kwamba jina la mti au la marehemu fundi si kipimo cha sauti, na kwamba sikio linaloona lebo husikia lebo.

Jambo hili lina uzito hata kwa Afrika ya Mashariki. Ubao wa vidole wa gitaa hutengenezwa kwa kawaida kwa abunusi ya Afrika ya Kati na Magharibi, mti wa jamii ya Diospyros, ambao huchanganywa mara nyingi na mpingo ingawa si mti mmoja. Mpingo wenyewe ni wa jamii ya Dalbergia, na baadhi ya mafundi huutumia kwa migongo na mbavu za magitaa. Mwezi wa Januari 2017 miti yote ya jamii hiyo iliingizwa katika mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao hudhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika za miti mingi ya jamii hiyo zimesamehewa, lakini mbao ghafi bado zahitaji kibali. Vijiji vya wilaya ya Kilwa, ambavyo vilianza kupata cheti cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri mwaka 2009, vina haki ya kujua kama mnunuzi wa ng'ambo anautaka mpingo kwa sababu ya sauti yake au kwa sababu ya weusi wake unaopendeza macho.

Jaribio kwa darasa

Sheria ya kipeo cha tatu yaweza kuthibitishwa bila mashine. Patikane kipande cha ubao wa paini chenye urefu wa meta moja, upana wa sentimeta 5 na unene wa milimeta 12. Kilazwe juu ya matofali mawili yaliyoachana kwa sentimeta 80, juu ya meza mbili, na katikati yake itundikwe ndoo ndogo yenye lita 2 za maji. Ipimwe kwa rula iliyosimamishwa wima idadi ya milimeta ambazo ubao umeshuka. Kisha seremala akipige randa mpaka kibaki na milimeta 10, na kipimo kirudiwe. Unene umepungua kwa sehemu moja ya sita tu, lakini ubao utashuka karibu mara 1.7 ya ule mshuko wa kwanza, kwa kuwa 1.2 × 1.2 × 1.2 ni 1.728.

Baada ya hapo vikusanywe vipande kumi vya vipimo hivyo hivyo kutoka mbao mbalimbali, kila kimoja kipewe namba, na mshuko wake uandikwe katika jedwali. Jedwali lifichwe. Vipande vishikwe kimoja kimoja kwa vidole viwili, robo ya urefu kutoka mwisho mmoja, na vigongwe katikati kwa kifundo cha kidole, na kila mwanafunzi avipange kwa sikio kuanzia kile chenye mlio wa juu hadi chenye mlio wa chini. Mipango hiyo ilinganishwe na jedwali, na ihesabiwe ni wanafunzi wangapi waliokitaja sawasawa kipande kilicho kikakamavu kuliko vyote. Endapo kipande fulani kitawakosesha wengi, kipimwe uzito: huenda ni kikakamavu kweli, lakini ni kizito mno.